Zima Swichi Kwanza: Kutafuta Kasoro za Mabomba katika Akwaria ya Matumbawe

Mtu akinipigia simu kuhusu akwaria ya matumbawe inayomsumbua, humwomba azime pampu ya kurudisha maji, asubiri dakika kumi, aiwashe tena, kisha anieleze alichokiona. Wengi hunijibu, "Fundi, hiyo sijawahi kuizima." Huku kwetu Kisumu stima hupotea bila kubisha hodi, na mabomba ya akwaria hupimwa na dakika mbili tu: ile pampu inapokata roho na ile inapofufuka. Mfumo unaopendeza mchana kutwa unaweza kukumwagia maji ya chumvi sebuleni usiku ukiwa umelala.

Kazi yangu ni mabomba ya nyumba: matangi ya paa, bafu, jikoni. Matumbawe nayafuga nyumbani, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa, kwa maji ninayoyachanganya mwenyewe kwa chumvi ya dukani. Katika akwaria za wenzangu wa hapa na wa Nakuru, makosa mengi niliyoyakuta yalitokana na fundi kuipangia akwaria mabomba kama anavyopangia tangi la paa. Maji ya tangi la paa hukaa yakisubiri koki ifunguliwe. Ya akwaria hayatulii. Yanavuka kizingiti cha meno na kuingia chumba cha ovaflo, yaani kisanduku kinachopokea maji yanayofurika, yanashuka kwa bomba hadi tangi la chini lenye skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu) na hita, kisha pampu inayapandisha tena juu, saa 24.

Mifano yangu itafuata vipimo vya tangi langu: la juu ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, lita 300, la chini ni 75 kwa 40 kwa 40, lita 120. Vyako vikiwa tofauti, hesabu ni ile ile.

Stima ikipotea, tangi la chini linafurika

Hii ndiyo simu ninayoipokea mara nyingi, na chanzo chake karibu kila mara ni mdomo wa bomba la kupandishia uliozama mno. Pampu ikisimama, bomba lile lile lililokuwa likipandisha maji hugeuka sifoni na kuyarudisha chini, mpaka mdomo wake utoke majini uvute hewa.

Piga hesabu. Kila sentimita moja ya maji katika tangi la juu ni lita 6. Mdomo ukiwa sentimita 10 chini ya uso wa maji, lita 60 zitashuka. Katika tangi la chini kila sentimita ni lita 3, kwa hiyo maji yatapanda sentimita 20. Kama kawaida yake yalikuwa sentimita 25, sasa yanatafuta 45 ndani ya kioo cha 40. Lita 15 ziko sakafuni, na bado hujahesabu yale ya kwenye mabomba na ya chumba cha ovaflo.

Dawa ni kuinua mdomo hadi sentimita 2 chini ya uso. Zitashuka lita 12 na za mabomba juu yake, na tangi la chini litazipokea bila wasiwasi. Nyongeza nzuri ni tundu la milimita 6 kwenye bomba hilo, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kuikata sifoni. Lakini tundu hilo huziba kwa mwani, na konokono wadogo hulipenda. Lipitishie kijiti kila unaposafisha kioo.

Watu wengi hutegemea valvu ya kuzuia maji kurudi. Katika maji ya bomba la nyumbani ni kifaa kizuri. Katika maji ya matumbawe, yaliyojaa kalsiamu, ulimi wake huota ugaga mweupe, na siku moja haufungi tena. Ukitaka kuiweka, iweke. Ila pima mfumo wako kama vile haipo.

Baada ya kurekebisha, zima pampu, subiri maji yatulie, weka alama ya kalamu kwenye kioo cha tangi la chini mahali yalipofika. Kisha washa, subiri tena, uweke alama ya pili. Alama ya pili ndiyo kiwango cha juu cha kujazia siku zote. Nimeona mfumo uliopangwa vizuri kabisa ukimwaga maji kwa sababu mtoto wa nyumbani, kwa nia njema, aliongeza ndoo moja.

Stima ikirudi, tangi la juu ndilo linalomwagika

Hapa usimwangalie pampu. Anafanya kazi yake. Aliyegoma ni bomba la kushushia.

Kama ovaflo yako ni ile ya kuning'iniza mgongoni mwa tangi, inayovusha maji kwa bomba la U, basi chanzo ni hewa. Viputo hujikusanya pale juu kwenye kona ya U hadi sifoni ikatike. Pampu ikiwaka, maji yanapanda na hayana pa kushukia. Kwa mji ambao stima hukatika mara kwa mara, mimi siipendekezi kwa mtu yeyote. Peleka tangi likiwa tupu kwa fundi wa vioo anayetoboa kwa keekee ya almasi huku akimwagia maji, atoboe tundu la kuingiza tenki konekta, kile kiungo cha kupitishia bomba kwenye ukuta wa tangi. Muulize kwanza kama kioo ni cha kawaida au kimepikwa kwa moto kuwa kigumu. Kile kigumu hakitoboleki: kitapasuka vipande vidogo papo hapo.

Kama tangi limetobolewa na bomba la kushushia linafanya sifoni kamili, angalia mwisho wake katika tangi la chini. Ukizama sana, hewa iliyobaki ndani ya bomba hukosa pa kutokea, na maji yanasita juu huku kiwango kikipanda. Ukate uishie sentimita 2 hivi chini ya maji. Mara nyingi tatizo huisha hapo hapo.

Chanzo cha tatu ni kizibo: konokono, jani la mwani, anemoni (mnyama laini wa baharini) aliyetembea usiku. Ndiyo maana bomba moja la kushushia halitoshi. Weka la pili la dharura, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya kiwango cha kawaida, likae kavu siku zote, bila valvu yoyote, lisubiri siku yake. Na hata hilo likishindwa, chumba cha pampu kule chini kiwe kidogo kiasi kwamba maji yake yote yakipandishwa juu hayavuki kioo. Cha kwangu kina lita 15 za kunyonywa kabla pampu haijaanza kuvuta hewa. Lita 15 ukizigawa kwa 6 ni sentimita mbili na nusu, kwa hiyo nimeacha sentimita 4 tupu juu ya maji. Pampu itapiga kelele ikikauka, lakini sakafu itabaki kavu.

Bomba linakoroma usiku kucha

Kukoroma ni maji na hewa yakigombea njia moja. Bomba la kushushia linaweza kutulia katika hali mbili tu. Ama liwe na maji yanayoteleza kwenye kuta zake huku hewa ikipita katikati, ama lijae maji pomoni bila hewa hata kidogo. Katikati ya hapo ndipo penye vurugu: linajaa, linanyonya kwa mkupuo, linakatika, linaanza tena. Ukisikia sauti kama ya choo kikivutwa kila baada ya nusu dakika, bomba lako liko katikati.

Kwa bomba moja, weka tii (kiungo cha njia tatu) juu, elbo (kiungo cha kona) inayotazama chini, na kifuniko chenye tundu dogo la hewa. Anza na tundu la milimita 2 na ulipanue kidogo kidogo. Dogo mno, litanyonya kwa mkupuo. Kubwa mno, maji yatapanda chumbani na bomba litaendelea kukoroma. Bomba la inchi 1 likipangwa hivi, kwa uzoefu wangu, huanza kulalamika ukivuka lita 1,200 hivi kwa saa. Usilisukume. Ongeza unene.

Ukiwa na mabomba mawili, la kwanza lijaze kabisa na ulitawale kwa valvu ya geti, ile ya kuzungusha mara nyingi. Valvu ya kugeuza robo mzunguko ni kali mno kwa kazi hii. Ukiigusa kidogo umepita. Bomba lile lile la inchi 1 likijaa maji bila hewa, kwa mteremko wa sentimita 60 au 70, hupitisha zaidi ya lita 3,000 kwa saa, tena kimya. Tofauti hiyo ilinishangaza mara ya kwanza, na tangu hapo sijafunga akwaria kwa njia nyingine.

Maji yanarudi kwa unyonge

Usikisie. Pima. Geuza mdomo wa bomba la kupandishia uingie kwenye ndoo ya lita 20 iliyoshikwa usawa wa juu wa tangi, ukihesabu sekunde. Sekunde 72 ni lita 1,000 kwa saa. Sekunde 36 ni lita 2,000. Ukiishusha ndoo sakafuni utapata jibu la uongo, maana umeipunguzia pampu mlima.

Mlima huo ndio jambo la kwanza. Lita zilizoandikwa kwenye boksi ni za pampu isiyopandisha maji popote. Na ile "mita 3" iliyoandikwa pembeni ni urefu ambao pampu haitoi hata tone. Pampu ya lita 3,000 na mita 3, ikipandisha mita moja na nusu, tarajia nusu yake au pungufu.

Jambo la pili ni bomba lenyewe, na hapa nina kisa. Mama mmoja wa Lanet, Nakuru, alinipigia akisema, "Fundi, hii pampu imechoka, nitafutie nyingine kubwa." Nikamwambia, "Mama, usinunue bado, nisubiri Jumamosi." Tangi lake la lita 400 lilikuwa na pampu ya lita 4,000, na ndoo ilijaa kwa sekunde 72. Nilipofungua kabati chini, nikaona PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa kwa moto, ya kijani ya milimita 25, iliyochomwa elbo sita. Aliyeifunga aliamini milimita 25 ni inchi moja. Katika PPR namba hiyo ni unene wa nje. Ile ya daraja la mgandamizo la PN20, yenye ukuta wa milimita 4.2, ina tundu la milimita 16.6 tu. Hata ya 32, ambayo madukani tunaiita inchi moja, ina tundu la milimita 21.2. Tulipoikata, kila kiungo kilikuwa na pete ya plastiki iliyojikunja ndani kwa sababu ya kuchomwa kupita kiasi. Tukaweka PVC ya inchi moja na robo na elbo chache, pampu ile ile. Ndoo ikajaa kwa sekunde 36.

Elbo kali ya nyuzi 90 ya inchi 1 hula nguvu sawa na bomba nyoofu la sentimita 75 hivi. Sita ni mita nne na nusu za bomba usilolihitaji. Pale unapoweza, tumia mbili za nyuzi 45, au hozi laini inayojipinda yenyewe.

Kama ndoo ilikuwa ikijaa vizuri zamani na sasa inachelewa, basi pampu inataka kuogeshwa. Itoe, chomoa impela (kile kipanga kinachozunguka ndani), iloweke kwenye siki kwa saa moja, ugaga utaachia. Na kama pampu ililetwa na ndugu kutoka Marekani, kumbuka imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Transfoma itarekebisha volti, si hezi. Kwa hezi 50 za hapa, pampu ya kawaida ya sumaku itazunguka kwa kasi ya tano juu ya sita ya ile iliyokusudiwa.

Viputo vidogo kama vumbi katika tangi la juu

Angalia kwanza kiwango katika chumba cha pampu. Maji hupungua kwa mvuke, na katika joto la Kisumu, feni ikiwa juu ya tangi la chini, langu hupoteza lita 4 kwa siku. Mvuke wote wa mfumo huonekana katika chumba hicho kimoja. Kikishuka, pampu huanza kunyonya hewa. Kinachopotea ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo ongeza maji yasiyo na chumvi. Boya la kuongeza lenyewe husaidia, mradi pipa linalolilisha liwe dogo. Boya likikwama, pipa la lita 10 linasameheka, lakini boya lililounganishwa na tangi la paa litaharibu kila kitu.

Kiwango kikiwa sawa, tazama kuta za kioo katika tangi la chini. Maji yapite juu ya ya kwanza, chini ya ya pili, juu ya ya tatu, na nafasi kati yake isipungue sentimita mbili na nusu, la sivyo yanakimbia na viputo vyake.

Wenye pampu ya nje wana chanzo kingine kisichoonekana: kiungo cha upande wa kunyonya kilicholegea. Hakidondoshi maji pampu ikiwaka, kwa sababu kinavuta hewa ndani. Zima pampu, kausha kiungo kwa kitambaa, subiri. Kikianza kutoa jasho, umempata mhalifu.

Uchafu unatulia, matumbawe yamejikunja

Hapa watu hununua pampu kubwa ya kurudisha, na mimi huwazuia. Pampu hiyo ina kazi ya kupitisha maji kwenye skima na hita. Mizunguko mitatu hadi mitano ya ujazo wa tangi kwa saa inatosha. Mwendo ambao matumbawe wanautaka utoke kwenye pampu za mawimbi ndani ya tangi lenyewe. Kwa matumbawe laini na yenye nyama nono, jumla ya mara 10 hadi 20 ya ujazo kwa saa; kwa yale ya matawi magumu kama Acropora, mara 30, 40 au zaidi. Kwa lita 300, mara 20 ni lita 6,000. Ukijaribu kuzipitisha zote kwenye mabomba, utapata kelele, viputo, joto na bili ya stima.

Tumbawe halitembei kutafuta hewa. Maji yaliyolizunguka yakitulia, utando mwembamba huganda juu ya ngozi yake, oksijeni na chakula haviingii, ute hautoki. Na sisi tuna mzigo wa ziada: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 Kisumu na karibu asilimia 20 Nakuru, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ongeza joto la Kisumu, kwani maji ya moto hushika oksijeni pungufu. Kwa hiyo uso wa maji utikisike daima. Elekeza pampu moja ya mawimbi juu kidogo mpaka taa ya juu icheze kwenye mchanga.

Kuona mwendo, tupa punje chache za chakula cha samaki uzifuate kwa macho. Zinapotua bila kuinuka ndipo sayanobakteria, ule utando mwekundu unaoteleza, hujenga makao. Mara nyingi kosa ni mawe yaliyopangwa kama ukuta nyuma ya tangi. Yapange upya yaache mapango na njia, kisha ndipo usogeze pampu. Na tumbawe linalopigwa na mkondo mmoja usiobadilika hadi nyama inachanika, haliponi kwa kuongezewa mwendo. Pampu mbili zinazopokezana kwa taima hulifaa kuliko moja kali.

Stima ikipotea kwa saa nyingi, kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Pampu ya mawimbi ya volti 12 au 24 ikiunganishwa na betri ya sola, hata moja tu, hubeba tangi zima hadi asubuhi.

Chumvi nyeupe kwenye viungo

Ni uvujaji unaokauka kabla hujauona. Kwa tenki konekta, raba ikae upande wa ndani, wenye maji, chini ya kichwa chake. Kaza kwa mkono kisha robo mzunguko, basi. Ukipaka silikoni juu ya uvujaji, umeuficha. Gundi ya PVC iachie saa 24 kabla ya maji ya chumvi. Na nyaya zote za stima zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni.

Kila kitu ni sawa, lakini konokono wanakufa

Tafuta shaba. Viungo vya PPR vyenye nyuzi za kukazia vina shaba ndani, iliyong'arishwa kwa nikeli ikaonekana kama chuma kizuri. Koki za shaba, mabomba ya mabati, klipu za hozi zinazoshika kutu: vyote vitoke. Shaba kidogo sana majini inatosha kuua konokono, kamba na matumbawe, hali samaki wanaendelea kuogelea kana kwamba hakuna kitu. Kila kinachogusa maji ya chumvi kiwe plastiki au kioo.

Chujio la RO linatoa matone tu

Maji ya kuchanganyia chumvi lazima yasafishwe kwa RO, chujio linalosukuma maji kupitia utando laini mno. Ya mfereji Kisumu yana klorini, na ya visima vingi vya Nakuru yana floridi nyingi. Lakini utando wa RO unataka mgandamizo wa baa 3.5 hadi 4. Tangi la paa lililo mita 5 juu ya koki linatoa nusu baa, maana kila mita 10 ni baa moja. Chujio halijaharibika, halina nguvu ya kusukuma. Weka pampu ndogo ya kuongeza mgandamizo kabla yake, na swichi ya kuizima tangi la paa likikauka.